Upanga ufundishwe polepole

Swali la kwanza nililowauliza wanafunzi kila nilipopata fursa ya kuwaonyesha upanga wa kale wa Ulaya lilikuwa hili: una uzito gani? Walikisia kwa ujasiri mkubwa. Mmoja angesema kilo kumi, mwenziwe kilo kumi na tano, na hakukosa kutokea mcheshi wa viti vya nyuma aliyeapa kwamba mtu wa kawaida hawezi kuuinua. Hapo ningemwita msichana mdogo kuliko wote walioketi mstari wa mbele, nimkabidhi kipini, naye angeunyanyua kwa wepesi hata akajishangaa mwenyewe. Upanga mrefu wa mikono miwili, ule uliotumiwa Ujerumani na Italia katika karne ya 15, ulikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na aghalabu chini ya hapo. Pakiti ya unga tunayoinunua dukani ina kilo 2. Ama kwa hakika, mtoto anayetumwa unga hurudi nyumbani na mzigo mzito kuliko silaha ya shujaa wa Zama za Kati.

Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa Historia na Kiswahili kutoka Pwani ya Kenya aliingiaje katika shughuli hii. Mwaka 2012 nilikwenda Uingereza kwa masomo ya juu ya ualimu, nikakaa katika mji wa Leeds, kaskazini mwa nchi hiyo. Mji huo una jumba kubwa la makumbusho ya silaha, Royal Armouries, lililofunguliwa mwaka 1996 ili kuhifadhi sehemu kubwa ya hazina iliyokuwa imesongamana katika Mnara wa London. Kuingia humo ni bure. Nami, nikiwa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi na koti jepesi zaidi, niliingia Jumamosi moja ya mvua kwa nia ya kupata joto tu. Nilitoka jioni nikiwa nimefahamiana na watu wa chama kidogo waliokuwa wakifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa, na ambao mara mbili au tatu kwa mwezi walikwenda shuleni na katika kumbi za vijiji kuonyesha namna watu wa Ulaya walivyopigana kwa panga zamani. Kwa miaka miwili nilifuatana nao. Haya ninayoyaandika nimeyapata huko, mengine kwa fedheha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba Wazungu wenyewe walikuwa wameusahau ujuzi huo. Mchezo wa vitara tunaouona katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896 ni mtoto wa kitara chepesi cha mabwana wa karne ya 18 na wa mapigano ya heshima ya karne ya 19. Lakini upanga wa mikono miwili, na upanga wa mkono mmoja unaochezwa pamoja na ngao ndogo ya kushikwa kwa kiganja, haukuwa na mwalimu aliye hai. Mnyororo wa kupokezana kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake ulikuwa umekatika. Kila hatua inayoonyeshwa leo imefukuliwa vitabuni, ikajaribiwa, ikakosolewa, ikajaribiwa tena.

Waliotangulia kufukua walikuwa Waingereza wawili, Egerton Castle, aliyetoa kitabu chake juu ya shule na mafundi wa upanga mwaka 1885, na Kapteni Alfred Hutton, ambaye kitabu chake *Cold Steel* kilitoka mwaka 1889. Watu hawa hawakutosheka na kuandika. Katika miaka ya 1890 walipanda majukwaani London, wakaonyesha mbele ya hadhira mapigo ya kale waliyoyasoma. Hivyo basi, kazi tuliyokuwa tukiifanya sisi katika kumbi za shule ilikuwa imeanzishwa nao zaidi ya karne moja kabla yetu. Walikuwa na kasoro moja, nayo haikuwa ndogo: Castle aliamini kwamba mapigano ya Zama za Kati yalikuwa ya nguvu tupu, yasiyo na elimu, na kwamba akili iliingia katika upanga baadaye. Yule mcheshi wa viti vya nyuma, kwa kudai kwamba upanga hauinuliki, alikuwa akirudia kosa la mwanachuoni huyo bila ya kumjua.

Kosa hilo linafutwa na kitabu kimoja kilichomo katika jumba lile lile la Leeds. Ni mswada wa mwanzoni mwa karne ya 14, ulioandikwa kwa Kilatini chenye maneno ya Kijerumani ndani yake, nao ndio mwongozo wa kale zaidi wa upanga wa Ulaya unaojulikana. Wataalamu huuita kwa nambari, I.33. Una karatasi 32 tu, yaani kurasa 64, na karibu kila ukurasa una picha za watu wawili wenye upanga na ngao ndogo. Ajabu yake ni kwamba mwalimu ni kasisi. Amevaa kanzu yake, kichwa amekinyoa utosini, naye anamfundisha mwanafunzi wake kwa utaratibu wa mtu anayefundisha sarufi: kuna namna saba za kuuweka upanga kabla ya kushambulia, na kila moja ina jawabu lake. Katika kurasa za mwisho nafasi ya mwanafunzi inachukuliwa na mwanamke, jina lake Walpurgis, na yeye anapigana kwa ustadi ule ule. Niliwahi kuwaona wasichana wa darasa moja, waliokuwa wamekunja mikono kwa kuchoka, wakinyoosha shingo zao kwa pamoja nilipofunua picha hiyo.

Kitabu cha pili nilichopenda kukichukua, kwa nakala bila shaka, ni cha Mwitalia Fiore dei Liberi, kilichoandikwa yapata mwaka 1410 na kutunukiwa mtawala wa Ferrara, Niccolò d'Este. Humo mna picha ya mtu aliyezungukwa na wanyama wanne. Paka wa mwituni ameshika bikari ya kupimia, maana yake ni busara. Chui mkubwa wa Asia, tuseme taiga, ana mshale, nao ni wepesi. Simba ameubeba moyo, yaani ushujaa. Wa mwisho ni ndovu, naye anaubeba mnara mgongoni, kwa maana ya nguvu zisizoyumba. Mimi niliyelelewa katika nchi yenye ndovu sikuweza kujizuia kucheka, kwa maana mchoraji yule, kama macho yangu hayakunidanganya, hakupata kumwona ndovu maishani mwake. Alimchora kama mbwa aliyerefushwa pua. Hata hivyo, fikra yake ni nzuri. Mtu mwenye nguvu asiye na kipimo hafiki mbali, na mwenye kipimo asiye na moyo habanduki alipo. Fiore anasema pia kwamba sanaa hii ni pana mno kiasi kwamba bila ya vitabu hakuna atakayeikumbuka yote. Miaka mia sita baadaye ndivyo ilivyothibitika.

Wajerumani kwa upande wao walikuwa na Johannes Liechtenauer, fundi aliyeyatia mafunzo yake katika mashairi. Mashairi hayo yalifumbwa makusudi ili mpita njia asiambulie kitu. Wanafunzi waliyahifadhi kwa moyo, na mafundi waliofuata wakaandika fafanuzi ndefu za kila beti. Walimu wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa zaidi hapo. Kila aliyewahi kumsomesha mtoto utenzi anajua kwamba vina humsaidia mtu kukumbuka, na kila aliyewahi kufumbua fumbo la malenga anajua uchungu wa kutokuwepo mwenyewe wa kuulizwa. Nilipokuwa nikiwatazama watu wazima wawili katika ukumbi wa kanisa wakibishana kwa muda wa nusu saa juu ya maana ya mshororo mmoja, kisha wakavaa barakoa zao za waya na kwenda kuujaribu kwa vitendo, nilijiona niko nyumbani.

Sasa niitaje fedheha niliyoidokeza.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa katika shule moja ya mji wa jirani, mbele ya wanafunzi mia mbili hivi wa umri wa miaka kumi na mitatu. Mimi na kijana mwenzangu wa chama tulikuwa tumejiandaa kwa wiki tatu. Tulirukaruka, tukapiga makelele, tukagonganisha vyuma hadi madirisha yakarudisha sauti. Vitabu tulivitaja kwa sentensi mbili. Mwishoni nilijifanya nimechomwa tumboni, nikaanguka kishindo, mwenzangu akaniwekea ncha shingoni. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na miluzi. Niliinuka, nikajipangusa vumbi, nikainama kuwashukuru.

Ukaja wakati wa maswali. Mvulana mmoja alisimama, na kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya kwenda stesheni akasema: "Mwalimu, ni sehemu gani ya mwili ukimchoma mtu anakufa haraka zaidi?" Wenziwe walicheka. Katikati ya kicheko hicho msichana wa mstari wa tatu alinyanyuka, akapita mbele za magoti ya wenzake bila ya kuomba radhi, akatoka nje. Naibu wa mwalimu mkuu ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba kaka yake msichana huyo alikuwa amechomwa kisu barabarani mwaka mmoja uliopita, na hakupona.

Chama chetu kiliongozwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Historia, ambaye pia ndiye aliyeliendesha gari la kubebea vifaa. Hakusema neno hadi tulipouvuka mto. Kisha akaniuliza: "Leo umewafundisha nini?" Nilianza kumweleza juu ya uzito wa upanga na namna saba za kasisi. Akanikatiza. "Umewafundisha kwamba mtu akichomwa huinuka, akajipangusa vumbi, akapigiwa makofi."

Sikulala vizuri usiku ule, na sioni haya kuliandika hilo.

Wako walimu, huko na hapa petu, wanaoshikilia kwamba silaha isikanyage kabisa uwanja wa shule, hata ikiwa butu, hata ikiwa ya miaka mia tano. Nawaheshimu. Mwezi wa Desemba 1995 mwalimu mkuu mmoja aliuawa kwa kisu nje ya lango la shule yake mjini London alipokwenda kumwokoa mwanafunzi wake aliyekuwa akipigwa. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa mtu kukutwa shuleni na kitu chenye makali au ncha, isipokuwa kama anayo sababu halali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa kwa jina ni elimu. Nilipoisoma sheria hiyo, siku mbili baada ya onyesho langu, nilielewa hasira ya mama yule. Kila tulipovuka lango la shule na mfuko wetu wa panga tulikuwa tumesimama juu ya neno hilo moja. Iwapo hatukufundisha, basi hatukuwa na ruhusa ya kuwamo. Tulikuwa watu wazima wanne tulioingiza vyuma mahali pa watoto kwa ajili ya kupigiwa makofi.

Lakini kuuficha upanga si jawabu pia. Vijana wale walikuwa wamekwisha kuuona, maelfu ya mara, katika filamu na katika michezo ya kompyuta, ambamo shujaa huwakata watu arubaini na shati lake lisipate doa. Yule mvulana hakulipata swali lake kwetu. Alikuja nalo. Tulichofanya sisi ni kulipa kibali.

Tulibadili karibu kila kitu. Panga zilihesabiwa mbele ya mwalimu wa shule kabla ya kutoka mfukoni na baada ya kurudi, na zilivuka ukumbi zikiwa ndani ya ala. Kamba ilitandazwa sakafuni, na asiye na barakoa hakuivuka. Na tukaweka kanuni moja iliyotoka kwa mama yule mwenyewe: aliyeguswa na upanga hainuki tena. Akiguswa mkononi, mkono huo haufanyi kazi hadi mwisho wa kipindi, wala hata karatasi haushiki. Akiguswa mwilini, hurudi kwenye kiti kilichowekwa pembeni, akawapa hadhira mgongo, akakaa hapo hata kama onyesho limebakiwa na dakika ishirini. Huwezi kuamini, msomaji, jinsi mgongo wa mtu aliyekaa kimya unavyoutuliza ukumbi wa watoto mia mbili. Makofi yalipungua, na maswali yakaongezeka.

Fauka ya hayo tulipunguza mwendo. Pigo lililochukua nusu nukta katika onyesho letu la zamani sasa lilichukua hesabu ya kumi. Tulifundisha kwa mfano wa George Silver, bwana wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1599, ambaye hoja yake kubwa ni kwamba mkono ni mwepesi kuliko mguu, na kwa hiyo mkono wenye silaha na utangulie, mguu ufuate. Sentensi hiyo haina uhai ubaoni. Lakini mpe mwanafunzi gazeti lililokunjwa, mwambie amguse mwenzake begani kwa kuanza na mguu, kisha kwa kuanza na mkono. Mara ya kwanza mwenzake hukwepa akicheka. Mara ya pili huwa amekwisha kuguswa. Darasa zima hufahamu kwa mara moja, na wapo wanaoendelea kugusana hadi kengele ya mapumziko.

Zoezi nililolipenda zaidi lilitoka kwa Wajerumani. Mafundi wao walifundisha kwamba panga mbili zinapokutana na kushikana, jicho halitoshi, sharti mtu ahisi kupitia chuma kama mpinzani wake anasukuma kwa nguvu au amelegea. Anayesukuma huachiwa njia, akapita na nguvu zake, aliyelegea husukumwa. Tuliwapa wanafunzi wawili fimbo nyepesi, tukawafumba macho, tukazikutanisha fimbo zao. Kila mmoja alitakiwa kusema tu: "Ana nguvu," au "Amelegea." Hakuna pigo lililopigwa. Mabingwa wa uwanja wa mpira walishindwa na watoto watulivu waliozoea kusikiliza, na nilimwona mvulana mmoja mrefu, kinara wa fujo wa shule yake, akisimama macho yamefumbwa kwa dakika tatu nzima akijitahidi kusikia kwa vidole.

Walimu wa fasihi, sasa nawageukia ninyi. Kidato chetu kiliwahi kuigiza *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963. Waliomuua Kaizari walitumia rula. Hadhira ilicheka, na maiti nayo ikacheka. Nililikumbuka tukio hilo siku tulipoalikwa katika shule ambayo wanafunzi wake wakubwa walikuwa wakisoma *Romeo and Juliet*. Mwalimu wao alilalamika kwamba hawaoni ni kwa nini Romeo alaumiwe kwa kifo cha rafiki yake Mercutio. Si alikuwa anaamua ugomvi?

Niliwaita vijana watatu. Niliwapa Tybalt na Mercutio fimbo za urefu wa mita moja, ambao ndio urefu wa bapa la upanga mwembamba wa kuchoma uliovaliwa na mabwana wa wakati wa Shakespeare. Niliwasimamisha katika masafa yao, kila mmoja akiiona ncha ya mwenziwe. Kisha nilimwambia Romeo aingie kati polepole, mkono wake ameunyoosha, awazuie. Nikamuuliza Mercutio: "Unaona nini?" Akanyamaza kidogo. "Naona mgongo wa Romeo." Fimbo yake je, inaweza kufanya nini? Haiwezi kitu, imezuiwa na mwili wa rafiki yake. Na Tybalt? Tybalt hakuhitaji kusogea. Chini ya kwapa la Romeo palikuwa na uwazi wa kutosha kupitisha fimbo, na ncha ya upanga wa namna ile haihitaji kuingia sana. Kijana aliyekuwa Romeo aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado umenyooka, kisha akaushusha. Mwalimu wao hakuhitaji kueleza neno. Upendo wa Romeo ndio uliokuwa kizuizi, na jambo hilo limeandikwa katika miili ya waigizaji kabla ya kuandikwa katika maneno yao.

Tuliongeza habari moja ambayo watu wengi huipita. Mercutio anamkejeli Tybalt kwa kupigana kwa kufuata kitabu, na kwa kutumia majina ya Kiitalia ya mapigo. Kejeli hiyo ilikuwa ya mtaani London wakati ule. Fundi Mwitalia Vincentio Saviolo alitoa kitabu chake cha upanga kwa Kiingereza mwaka 1595. George Silver aliwachukia mafundi hao wa kigeni waliowatoza mabwana ada kubwa, na anaeleza jinsi yeye na ndugu yake Toby walivyompa Saviolo na mwenziwe changamoto ya kupambana hadharani juu ya jukwaa katika hoteli ya Bell Savage, jukwaa la juu, ili atakayerudi nyuma aanguke na kuvunjika shingo. Waitalia hawakutokea. Tunayo habari hiyo kutoka kwa Silver peke yake, na mwenye kusimulia kesi yake mwenyewe hajinyimi ushindi.

Hoteli hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Huko London chama cha mafundi wa upanga kiliwapandisha wanafunzi wake daraja kwa mtihani wa hadharani, kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi huru, kisha msaidizi wa fundi, na hatimaye fundi kamili. Mtahiniwa alipigana na wakubwa wake mbele ya umati, katika nyua za hoteli na katika kumbi zile zile zilizoonyesha tamthilia. Waliokwenda kumtazama Mercutio akifa walikuwa wamewahi kuwatazama watahiniwa wakitoa jasho mahali hapo hapo. Hawangeweza kudanganywa na rula.

Tulikwenda pia kwa watu wazima. Siku moja tulialikwa katika ukumbi wa wazee mjini Sheffield, karibu saa moja kwa gari la moshi kutoka Leeds, mji uliosifika kwa visu tangu karne ya 14, kiasi kwamba mshairi Chaucer alikitaja kisu cha huko. Nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya chuma cha pua. Mama mmoja, ambaye umri wake haukuwa chini ya miaka themanini, aliuomba upanga wangu, akauegemeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya bapa bila ya kuligusa sana. Akasema kwamba umeng'arishwa kwa mashine, tena kwa haraka. Yeye aliingia kiwandani kung'arisha vijiko na visu akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Babu yake alikuwa mnoaji. Wanoaji wa Sheffield walikaa juu ya jiwe la mchanga linalozunguka, wakaivuta pumzi ya vumbi lake mwaka baada ya mwaka, na wengi walikufa vijana kwa maradhi ya mapafu.

"Kisu kilimuua babu yangu," alisema, akanirudishia upanga kwa kutanguliza kipini, kama ipasavyo, "na hakuna aliyemchoma."

Sikuyatoa maelezo yangu juu ya chuma. Tuliketi tukamsikiliza yeye, na wenzake wawili wakaongeza ya kwao, hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo kila onyesho letu lilikuwa na nafasi ya mhunzi na mnoaji, watu ambao picha za miswada haziwataji.

Mwaka 2014, katika wiki zangu za mwisho, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo ilikuwa ajabu kwamba hakuna aliyeniuliza mapema. "Mwalimu, na kwenu? Watu wa kwenu walifundishana vipi?" Nilimweleza kwa ujumla juu ya sime na ngao, kisha nikataja kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu, ambao wanaume wawili huingia uwanjani katikati ya duara la watu, ngoma na nzumari zikilia, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenziwe na kukinga fimbo yake. Akauliza: "Mguu upi hutangulia?"

Nilijua namna saba za kasisi wa Ujerumani wa karne ya 14. Nilijua mnyama gani anashika mshale na yupi anaubeba moyo. Kirumbizi nilikitazama tangu utotoni, katika Maulidi na katika harusi za jamaa, na marehemu babu yangu alisifika nacho. Sikuwa na jawabu.

Niliporudi nilikwenda Lamu mapema iwezekanavyo. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani, akisuka ukili. Nilimwamkia, nikamweleza nilikotoka, nikamweleza habari ya vitabu vya Ulaya na mafundi waliokufa na siri zao, nikamwomba anifundishe kirumbizi ili nikiandike. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kuuacha ukili wake. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, umekuja na fimbo au umekuja na daftari?"

Nilikuwa nimekuja na daftari.